Ukurasa Uliofunikwa kwa Kanga

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mgeni Rasmi wetu, Mheshimiwa Munir Usi, ambaye ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Vitabu vya Watoto, nawe Sheha, mkubwa wa mtaa wetu, walimu wakuu wa skuli za mjini na shamba, wazee wetu mlioketi safu ya mbele, ndugu wageni waalikwa, mliotoka kusali Ijumaa mkaja huku moja kwa moja bila kupita majumbani, na nyinyi watoto mlioko mkekani, mnaozitazama sambusa kuliko mnavyonitazama mie. Kila mmoja kwa cheo chake na heshima yake, nakuamkieni. Wakubwa, shikamooni.

Mie naitwa Salhiya Khatib, mshona kofia wa Kikwajuni. Vitabu vya Riyama, mchoraji wetu, nimevishona mie tangu kile cha mwanzo, kwa uzi ule ule wa kofia. Kwenye ratiba mliyopewa mlangoni nimeandikiwa neno fupi la shukurani. Lakini mshereheshaji wetu, Kheir, kaninong'oneza sasa hivi: "Bi Salhiya, vuta vuta maneno, huko ndani mambo hayajakaa sawa." Ndugu zangu, tangu nizaliwe sijapata kuombwa nizidishe maneno. Siku zote naombwa nipunguze.

Kwa nini nivute? Nyinyi si vipofu. Mmeona utepe wa maonyesho haya bado haujakatwa. Mmeona Riyama, mwenye shughuli yake, hayupo kwenye kiti chake. Na mmeona pale ukutani, katikati ya michoro yote, pamefunikwa kanga. Mnaulizana kwa macho, na mie sikupanda hapa kuzungumzia mvua. Nitasema lililopo, kwa adabu, na Mheshimiwa atanivumilia.

Lililopo ni hili. Asubuhi ya leo uliletwa ujumbe kwamba ukurasa mmoja wa kitabu kipya cha Riyama uondoke ukutani, na uondoke kitabuni, ndipo Mgeni Rasmi akate utepe na ndipo kitabu kiruhusiwe kuingia skuli zote za Unguja. Riyama alijibu kwa sauti ndogo, na wanaomjua wanajua kwamba sauti yake ikiwa ndogo ndiyo mbaya. Alisema, "Ukitoka huo, zitoke zote." Akaanza kuzibandua mwenyewe. Tukamshika mikono. Mwenzetu mmoja, katika kutafuta suluhu, akavua kanga yake ya begani akaufunika ule ukurasa, na Riyama akaitwa chumba cha pili, na huko ndiko aliko sasa, anazungumza na watu wawili wa Kamati. Wakishindwana, Mheshimiwa atapanda gari yake, michoro itashuka, na kazi ya umri mzima itarudi uvunguni mwa kitanda. Riyama kaniapia kwamba hatashika tena kalamu. Nami namjua, hasemi kitu kwa kutisha watu.

Basi kabla haijashuka, hebu tuitazame.

Riyama ni mtoto wa Matemwe, mama yake mkulima wa mwani. Mahoteli yalipokuwa yanajengwa kule, wenziwe walikuwa wakiokota misumari, yeye akiokota mifuko mitupu ya saruji. Akiikung'uta, akiipasua, akichora kwa ndani. Alikuwa akirudi nyumbani mweupe usoni kama aliyepakwa unga, na kila siku akipigwa kwa hilo, na kila siku akirudia. Nimeiona baadhi ya michoro ile. Pweza anayekataa kuoga. Kuku aliyehamia hotelini akaomba chumba chenye kuona bahari. Sasa niambieni, mtoto wa namna hiyo utamwozesha nani?

Alipohamia mjini ndipo akazaliwa Kubadhi, na Kubadhi mnamjua nyote. Ni kiatu cha ngozi, kubadhi la kushoto. Mwenzake wa kulia kachukuliwa mlangoni mwa msikiti na mtu mwenye haraka, na tangu siku hiyo anazunguka kisiwa kizima kumtafuta. Kalala pangoni Mangapwani, popo wakamfanya kitanda. Kajificha katika begi la mtalii mpaka uwanja wa ndege, akarudishwa kwa kukosa pasi. Mnacheka? Nani kati yenu hajapata kurudi nyumbani na viatu viwili visivyofanana, akajifanya hajui?

Alikuja mchapishaji mmoja kutoka nje ya kisiwa, suti imenyooshwa pasi mpaka inakata. Akamwambia, "Bibi, watoto wanapenda simba. Mgeuze huyu awe simba, tutakuchapishia kwa rangi." Riyama akamuuliza, "Simba akipotelewa na mwenziwe, nani atamsaidia kumtafuta? Si watu watakimbia?" Yule bwana akacheka sana, akanywa chai yake, akaondoka na hakurudi. Riyama akabaki peke yake, hana mchapishaji, hana mshahara, hana mkubwa wa kumsainia karatasi. Akichora yeye, tukitoa nakala duka la fotokopi Darajani, nikishona mie, na yeye akienda kuuza milangoni mwa skuli kama muuza ubuyu. Na huo ubuyu, walimu wakuu, nyinyi wenyewe mlimfukuzia mwanzo. Leo nakuoneni mmekuja na mabasi ya wanafunzi. Ahsanteni kwa kubadilika.

Mlango umefunguliwa huko nyuma, mmesikia? Si yeye. Ni mmoja wa wale wawili, na anamtikisia kichwa Kheir. Haya, naendelea.

Nataka nikuelezeni anavyofanya kazi, kwa sababu ugomvi wa leo umo humo. Riyama anachora tu. Maneno hayatungi yeye. Kila ukurasa mpya anautundika baada ya alasiri kwenye kamba ya nguo nje ya mlango wake, kwa vibanio, na yale mawingu ya maneno yanayotoka midomoni mwa watu wake anayaacha matupu. Kisha anakaa barazani na penseli, kimya. Watu wanapita na makapu yao, na kwa kuwa sisi watu wa mji huu hatuwezi kupita mbele ya jambo lisilotuhusu bila ya kutia neno, wanatia. Huyu atasema hivi, yule atajibiwa vile. Neno likimgusa, Riyama analiandika kama lilivyotamkwa. Jina la aliyelisema halitaji kwa mtu yeyote. Na ana sharti moja ambalo sijamuona akilivunja: neno halibadilishi yeye. Aliyelisema, huyo peke yake ndiye mwenye haki ya kulifuta.

Mzee Haroub, fundi wa vitanda, yupo pale, kanipa ruhusa zamani nimseme. Alikuwa na ugomvi na nduguye. Siku moja akatazama ukurasa wa Kubadhi anabisha hodi mlango wa mtu, akatia neno: "Mwambieni nshahama, na sikuacha salamu." Likaandikwa, likachapishwa, mji ukacheka. Baadaye ndugu wawili hao wakapatana. Mzee Haroub akaja barazani macho mekundu, akasema, "Riyama, lile neno nalifuta." Vitabu vyote vimeshashonwa! Mie nikapandwa na hasira, nikamwambia amwache. Riyama akakata vipande vya karatasi, akaandika neno jipya alilopewa, tukakaa tukibandika nakala baada ya nakala mpaka vidole vyetu vikagandana kwa gundi. Huyo ndiye mwanamke mnayemwambia kule ndani kwamba hana adabu.

Sasa ule ukurasa. Wengine mmeshauona kwenye simu zenu, msijifanye. Kuna kunguru kavaa miwani, kakaa juu ya kiti kirefu kushinda minazi, kashika muhuri, na haangalii chini. Chini amesimama mama yake, kunguru mzee, kajitanda ushungi, na mikononi kashika sinia. Kubadhi anapita kati yao, anatazama juu, anatazama chini. Na mama anasema: "Shuka ule, mwanangu. Chakula kinapoa." Basi. Hakuna jengine.

Mtu mmoja akaupiga picha akaurusha kwenye magurupu, akaandika chini yake, "Mmemuona Mwenyekiti wetu?" Ukazunguka kisiwa kizima. Mheshimiwa, ningekuwa wewe na mie ningekasirika. Umeitumikia kamati hii kwa moyo, umepigania vitabu vya watoto mahali ambapo watu wanasinzia, halafu unageuzwa kunguru katika simu za watu. Inauma. Lakini aliyekucheka ni yule aliyeurusha, na huyo hajajitokeza, na huenda yumo humu humu anangojea halua ya leo. Siku maneno yale yaliposemwa pale barazani hapakuwa na kicheko. Mie nilikuwepo.

Naisikia gari, Mheshimiwa. Dereva wako ameshawasha. Naomba uniachie kidogo tu.

Kuna jambo ambalo kwa kawaida ya Riyama halisemwi bila ya ruhusa ya mwenyewe, na yeye yuko tayari apoteze kila kitu kuliko kulisema. Ndiyo maana kule ndani amenyamaza, na unyamavu wake umeonekana kiburi. Mie nitaomba ruhusa hapa hapa. Bi Tahiya, wewe wa safu ya mbele, shikamoo. Nilitaje au nilimeze?

Anasema, "Litaje, Salhiya. Mie nshazeeka, nitaona haya mpaka lini?"

Ndugu wageni, kwa asiyemjua, Bi Tahiya ni mama mzazi wa Mgeni Rasmi. Naomba mtulie. Watoto, nyamazeni. Na wewe Kheir usinionyeshe saa, mwenyewe umeniambia nivute.

Siku ile alikuwa anatoka sokoni na kapu lake. Ukurasa ulikuwa kambani, na sisi tulikuwa tushatia maneno yetu ya kipuuzi, huyu kasema kiti kina kupe, yule kasema muhuri umemganda mkononi. Bi Tahiya akasimama. Akamtazama yule kunguru mzee na sinia lake. Akaweka kapu chini. Akasema, wala si kwetu, aliiambia ile karatasi: "Shuka ule, mwanangu. Chakula kinapoa." Akajipangusa macho kwa ncha ya ushungi, akabeba kapu lake, akaenda zake. Riyama akaandika.

Kwa nini mama aseme na karatasi, Mheshimiwa? Kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na mtu mwengine, na mtu huyo anajibu vizuri sana kwamba uko kikaoni. Kwa sababu kila Ijumaa Bi Tahiya anapakua sahani mbili, na moja inarudi chunguni. Halalamiki. Ukitajwa mtaani anakusifu mpaka tunachoka. Sisemi haya kukuaibisha mbele za watu, wallahi. Nayasema kwa sababu umeambiwa kwamba chini ya kanga ile pana matusi, na mie najua pana mama yako.

Na sharti la Riyama sasa unalijua. Yeye hawezi kulifuta neno lile. Kamati haiwezi. Wewe mwenyewe, kwa cheo chako chote, huwezi. Mwenye haki hiyo ni mmoja tu, naye yumo ukumbini. Akilifuta, naapa mie na Riyama tutakaa tena na gundi, na ukurasa utabanduliwa leo leo bila ya kinyongo. Bi Tahiya, mbele ya hadhara hii nakuuliza. Unalifuta?

Anasimama. Mpeni mkono, jamani, hicho kiti ni kifupi. Hapana Kheir, hataki kipaza sauti.

Kwa nyinyi mlioko nyuma ambao hamkusikia, nakariri alivyosema. Anasema halifuti. Anasema, "Munir, leo nimepika wali wa nazi na papa. Sahani yako ipo."

Mheshimiwa ameinuka. Watu wa njiani, mpisheni. Mpisheni, haendi mlangoni, hamuoni? Anakwenda kwa mama yake.

Ameniashiria. Mheshimiwa, sema tu, nitakufikishia kwa watu.

Ndugu wageni waalikwa, Mgeni Rasmi anasema: "Kanga iondolewe. Na mwiteni Riyama akate utepe yeye mwenyewe. Mie nnakwenda kula."

Basi na mie nimefika mwisho. Kwa subira yenu na masikio yenu, nakushukuruni nyote.