Nazzarena Ciccarelli na Kichumba Namba Saba

Marehemu Nazzarena Ciccarelli alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 hapa Rocca Sant'Elmo, katika chumba cha nyuma ya jukwaa la ukumbi wetu wa michezo, ambako mama yake, Argia, alikuwa mlinzi. Ukumbi ulijengwa mwaka 1826 na koo ishirini na nne za mji, na kila ukoo ulimiliki kichumba chake cha kutazamia.

Alisoma kwa watawa hadi darasa la tano. Kazi za shule alizifanyia katika kichumba namba saba, kwa ruhusa ya mwenyewe, bibi Bonfigli, ambaye hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1957, bibi huyo alimwachia Nazzarena kichumba hicho, na koo nyingine zikanuna.

Mwaka 1960 alifunga ndoa na seremala Duilio Paci, na mwaka uliofuata akarithi kazi ya mamake. Mwaka 1964 paa lilianza kuvuja, ukumbi ukafungwa. Hata hivyo kila asubuhi alikwenda kufungua madirisha ili mbao zisioze.

Mwaka 1971 baraza la mji lilitaka kuubomoa, pawe maegesho ya magari. Ilihitajika saini ya kila mwenye kichumba. Meya alimfuata nyumbani na keki.

"Bi Nazzarena, wenzako wote wameshasaini. Umebaki wewe tu."

"Basi bomoeni vya kwao," alimjibu huku akimkatia kipande. "Changu kiko ghorofa ya pili. Mkishaondoa cha chini yake, mtakishikilia kwa mikono?"

Duilio, aliyetamani sana pa kuegesha gari lake, alinuna siku tatu. Siku ya nne alichukua nyundo akaenda kuziba paa.

Ukumbi ulifunguliwa tena Jumapili, tarehe 7 Mei 1995, alasiri. Nazzarena aliketi namba saba kwa gauni jipya, akasinzia kabla ya sehemu ya pili ya onyesho. Alipoamshwa alisema usingizi ule ameungoja miaka thelathini na mmoja. Tulicheka sana, naye alicheka kutuzidi.

Duilio alitangulia mwaka 2008. Moyo wa marehemu ulianza kudhoofika majira ya kuchipua mwaka huu, na alifariki nyumbani, bila maumivu makubwa, Jumanne tarehe 5 Novemba 2019.

Ameacha watoto wawili, Fiorenzo na Mirella, na mjukuu mmoja, Lavinia, aliyekabidhiwa ufunguo wa namba saba. Leo tulimsubiri Lavinia kanisani, akachelewa. Alikuwa amepitia kwanza kufungua madirisha.

Nazzarena wetu, pumzika kwa amani.