Meno Mapya ya Orville Stiltner

Ndugu yetu Orville Stiltner alizaliwa tarehe 4 Mei 1957 hapa Harlow Fork, West Virginia, mtoto wa kwanza wa mzee Hobart na mama Icy. Alisoma shule ya bonde hili hadi darasa la kumi, akaacha baba alipovunjika mgongo.

Alishuka mgodini tarehe 2 Juni 1975, akatoka mwaka 2012 mgodi ulipofungwa. Chama cha wachimbaji kikampa yeye na mkewe bima ya matibabu ya wastaafu, ya maisha yote.

Alimwoa Nadine Blevins tarehe 18 Septemba 1982, wakajaliwa binti mmoja, Tressa. Meno yalimwisha mapema. Miaka kumi na mmoja Nadine alimkwangulia mahindi kwa kisu, naye akashukuru kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Novemba 2022, kwenye chakula cha jioni cha kanisa, mpwa wake Dwayne, mwanangu wa kumzaa mimi dada yake, anayeuza bima, alimwonyesha mpango wa bima ya wazee unaotoa meno ya bandia bure.

"Na ile ya chama?" Orville aliuliza.

"Haiguswi, mjomba. Hii inakaa juu yake tu."

Akatia sahihi, sahani ya kuku ikiwa mkononi.

Haikukaa juu yake. Chama hakimshiki mstaafu aliyejiunga kwingine. Januari kilimwandikia kwamba ana siku thelathini za kurudi. Zikipita, harudi tena, wala mkewe. Lakini wachimbaji wetu hawafungui barua za chama nyumbani. Huzipeleka kwenye mkutano wa mwezi, anayejua kusoma vizuri awasomee wote. Mkutano wa Januari ulizuiwa na theluji. Barua ilisomwa tarehe 18 Februari, siku thelathini zimekwisha pita, mbele ya wanaume ishirini.

"Orville, umeuza hospitali ukanunua meno," mmoja akasema. Wakacheka. Naye akacheka nao.

Julai, kwa meno yake mapya, alikula mahindi manne ya kuchoma, siagi ikimtiririka kidevuni. "Nadine, hicho kisu kitie kabatini," akasema.

Oktoba ilionekana saratani ya koo. Hospitali yetu ya karibu haikuwemo kwenye mpango mpya. Iliyokubaliwa iko mwendo wa saa nne, na kibali cha mionzi kilichukua wiki tisa. Dwayne aliipigia simu kampuni ya bima kila siku, akawekewa muziki wa kusubiri. Kufikia Krismasi Orville alikuwa hamezi hata mchuzi wa maharage. Alifariki nyumbani kwake tarehe 2 Machi 2024, saa nane mchana.

Ameacha mjane, Nadine, mwenye kisukari, umri miaka sitini na mmoja, ambaye hana bima mpaka afikishe sitini na mitano, umri wa kuanza bima ya wazee ya serikali, binti yake Tressa, mimi dada yake Verna, na Dwayne.

Wa kubeba jeneza aliwachagua mwenyewe. Sauti ilikuwa imekwisha, akaandika kwenye karatasi: "Dwayne akae upande wa kichwa. Ahisi uzito."

Nimemwomba Mungu anionyeshe kama huo ni msamaha. Bado nangoja.

Meno yake amevaa. Bwana ampokee, apumzike sasa.