Siyo ya Mama Tupokigwe

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Suma, Kawetele na kwingineko ambako mvua haijakatika tangu asubuhi, poleni na baridi. Leo tunamkumbuka Mama Tupokigwe, mwalimu na mbunge wa zamani wa viti maalumu. Amefariki Jumanne, hapa Tukuyu.

Alizaliwa Kinyala, akaolewa Kinyala. Hata alipokuwa mbunge, akirudi nyumbani alikamua ng'ombe mwenyewe, kanga kiunoni.

Mwaka 1997, soko huria likiwa limeshashika kasi, serikali ilipeleka bungeni mkataba wa biashara na nchi za nje. Kipengele kimoja kilifuta ushuru wa maziwa ya unga. Tuelewane hapo: serikali husaini, kisha Bunge huridhia. Saini kwanza, Bunge baadaye.

Mama alikuwa kwenye kamati ya mambo ya nje. Akauliza, "Tukikataa?"

Ofisa wa wizara akamjibu kwa upole. "Mheshimiwa, nchi imeshatoa neno. Tukigeuka leo, kesho nani atakaa na sisi mezani?"

Kilichomuuma ni kwamba ofisa yule alikuwa anasema kweli.

Kamati iliomba kipengele cha maziwa kiahirishwe. Serikali ikaahidi kukiangalia. Siku ya kupitisha, kule Dodoma, Mama alisimama akawataja wafugaji wa Kinyala. Kengele ya muda ikamkata katikati ya sentensi. Spika akawahoji wabunge. "Ndiyo" ikajaa ukumbini. "Siyo" yake aliisikia mwenyewe na jirani zake wawili. Mkataba ukaridhiwa.

Mwaka uliofuata maziwa ya unga ya bei rahisi yakajaa madukani, na gari la mnunuzi wa maziwa likaacha kupanda Kinyala. Mumewe, Mzee Asajile, anasema: "Akina mama walimwaga maziwa mferejini, mbele ya nyumba yetu. Hawakutukana. Bora wangetukana."

Jirani yao, Tusekile, alimwendea Mama na ndoo yake tupu.

"Mwalimu, si tulikutuma ukakatae?"

"Nilikataa, dada."

"Sasa mbona yamekuja?"

Mama alikaa palepale kwenye majani yenye umande.

Aliuliza tena bungeni kuhusu ushuru ule. Akajibiwa suala linafanyiwa kazi. Akauliza tena. Linafanyiwa kazi. Mpaka muhula wake ukaisha.

Binti yake, Ikupa, ndiye aliyemuuguza. "Wiki ya mwisho aliniuliza kama gari la maziwa limeanza kupita. Nilitamani nimdanganye. Nikamrekebishia shuka tu."

Mzee Asajile, Ikupa, na ukoo mzima, poleni sana. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa kutufungulia mlango wenu katika msiba huu. Mazishi ni kesho saa nane mchana, Kinyala.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mikataba mingine iko njiani. Mkikutana na mbunge wenu, muulizeni imeandikwa nini. Muulizeni mapema, kabla ya saini. Baada ya saini, hata aliyewapenda kama huyu hakuwa na la kufanya.