Hatua Kumi za Mwalimu Bartolomayo Ndahani

Marehemu Mwalimu Bartolomayo Ndahani alizaliwa Chamwino mwaka 1890, msimu wa kupalilia, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ndahani, mfugaji. Siku yenyewe haikuandikwa, maana enzi hizo watu walikumbuka mvua, si tarehe. Alichunga ndama, kisha ng'ombe, na kama watoto wote wa wakati ule alifundishwa mapema namna ya kumpisha mkubwa njiani. Somo hilo siku hizi halifundishwi popote, na matunda yake tunayaona.

Mwaka 1902 alianza kusoma katika shule ya misheni, akabatizwa siku ya Pasaka mwaka 1905. Alijua kusoma, kuandika na hesabu, na zaidi ya yote hesabu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya reli. Mwaka 1909, Wajerumani walipokuwa wakiileta njia yao kutoka Gulwe kuja Dodoma, Bartolomayo alishika ncha moja ya mnyororo wa kupimia, na ncha ya pili ilishikwa na Hasani, kijana wa Kondoa, aliyekuwa rafiki yake mpaka mwisho. Bwana mpimaji alikuwa mtu asiyesamehe hata upana wa kidole. Siku moja mnyororo ulikatika, na fundi wa kuuunga alikuwa mbali. Bartolomayo aliomba ruhusa, akapima kipande kile kwa miguu yake. Mnyororo ulipopona wakarudia, ikaonekana amekosea kwa shubiri moja tu. Mjerumani hakumsifu. Alimtazama miguu, akaandika kitabuni hesabu ya hatua zake.

Mwaka 1911 alirudi misheni kama mwalimu msaidizi, akapewa pia vijana wa mpira. Enzi hizo mpira wa adhabu ulipopigwa, wapinzani walitakiwa wakae hatua sita kutoka kwenye mpira. Mwaka 1913 mkuu wa misheni alipata barua kutoka kwao Ulaya kwamba sheria imebadilika, na sasa ni hatua kumi. Vijana walinung'unika. Walisema hata chui hakimbiwi umbali huo. Bartolomayo hakuwapigia kelele. Aliwauliza mtu akimwona mama mkwe wake anakuja njiani hufanya nini. Wakajibu kwamba huiacha njia, akajitenga porini mpaka mama apite.

"Basi mpira ukiwekwa chini kwa adhabu, huyo ni mama mkwe wenu," akawaambia. "Mpisheni."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini tangu siku ile hakuna aliyesukumwa. Filimbi ikilia, walirudi wenyewe, na wengine walikuwa wanainamisha macho kwa utani.

Wakati huo Bartolomayo alikuwa amemchumbia Loisi, binti wa Mzee Matonya. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupelekwa, na ndoa ilingojea mavuno. Kaka yake Loisi, Methusela, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa beki wa timu ya misheni na mwanafunzi wa Bartolomayo.

Tarehe 27 Januari 1914, sikukuu ya kuzaliwa Kaisari, vijana wa misheni walialikwa Dodoma kucheza na vijana wa shule ya Serikali. Ilikuwa imenyesha, na uwanja ulikuwa tope. Pande zote mbili zilimtaka Bartolomayo awe refa, ingawa alikuwa mwalimu wa upande mmoja. Leo jambo hilo haliwezekani. Leo hata baba hawezi kuaminiwa kugawa nyama kwa wanawe.

Timu zilikuwa zimefungana moja kwa moja, na muda ulikuwa umebaki kidogo, Methusela alipomwangusha mtu karibu na lango. Bartolomayo akatoa adhabu dhidi ya vijana wake mwenyewe. Akapima hatua kumi, akachora mstari kwenye tope kwa kisigino. Wote walirudi isipokuwa Methusela, aliyesimama hatua tano.

"Shemeji," Methusela akasema, kwa sauti ya kusikiwa na watu, "leo unaoa kwetu au kwao?"

Watu wakacheka. Bartolomayo akamwonyesha mstari, naye akarudi taratibu. Mpigaji alipoanza kukimbia, Methusela aliruka mbele na kuuzuia mpira kwa goti. Upande wa misheni ulishangilia. Filimbi ikalia, adhabu irudiwe. Ikarudiwa, na Methusela akafanya vilevile. Hapo Mzee Matonya, aliyekuwa ameketi na wazee wenzake, akainuka na fimbo yake.

"Mkwe wangu," akasema, "huyo ni mwanangu. Ukimtoa mbele za watu hawa, usije tena kwangu."

Bartolomayo alijua kwamba mzee yule hakuwa na mazoea ya kusema kitu na kukiacha. Waliokuwa karibu walisema aliutazama mstari wake kwa muda, kama mtu anayehakikisha haukupinda. Kisha akamwendea Methusela.

"Nenda ukakae na baba," akamwambia. "Hatua ni kumi."

Adhabu ikapigwa mara ya tatu, mpira ukaingia, misheni ikafungwa. Kesho yake, kabla umande haujakauka, ng'ombe walirudishwa zizini kwa Mzee Ndahani, wote, hata ndama aliyezaliwa wakati wa uchumba. Methusela naye hakukanyaga tena shule.

Bartolomayo hakutuma mtu kwenda kuomba radhi, kwa sababu hakuona kosa la kuombea. Wenzake walimwambia atafute msichana mwingine. Msimu ule wa kulima, mama yake Loisi alipita kila siku njia ya mashamba ya uwele, na mara kwa mara alikutana na Bartolomayo anakwenda misheni. Uchumba ulikuwa umevunjika. Mama yule hakuwa tena mkwe wake, na Bartolomayo angeweza kupita akamsalimu kama mtu yeyote. Hakufanya hivyo. Kila alipomwona kwa mbali aliiacha njia, akaingia kwenye miiba, akasimama amegeuza uso mpaka mama apite. Alifanya hivyo Februari, Machi na Aprili, suruali yake ikichanika na kushonwa.

Mwezi wa Mei mama alimweleza mumewe wakiwa uani, Methusela akisikia.

"Yule kijana bado ananipisha," alisema. "Wewe umerudisha ng'ombe. Yeye hajaichukua tena heshima aliyonipa."

Siku ya tatu Mzee Matonya alituma ujumbe kwa Mzee Ndahani kwamba ng'ombe wale walikuwa wamezoea majani ya kwake. Bartolomayo na Loisi walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Julai 1914. Majuma machache baadaye vikaja vita, na Bartolomayo akachukuliwa kubeba mizigo. Alirudi mwaka 1917, amekonda, lakini hatua yake ilikuwa ileile.

Alifundisha mpaka mwaka 1950. Kwa miaka hiyo yote, kila alipopita nyumbani kwa Methusela, aliacha kitabu kizingitini bila kubisha hodi. Methusela alivisoma vyote peke yake, na ndiyo shule pekee aliyoipata baada ya siku ile ya tope.

Mwaka 1966 marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari, na miguu ndiyo iliyoumia kwanza. Alihamia kwa binti yake Ruthu, Chang'ombe. Mwezi uliopita aliwaona watoto wa mtaani wakicheza, wamejipanga hatua mbili kutoka kwenye mpira wa adhabu, na refa wao anacheka nao. Alichukua fimbo, akatoka, akapima. Watoto walimhesabia kwa sauti mpaka kumi na saba. Mmoja akamwambia, "Babu, umezidisha."

"Miguu yangu ndiyo iliyopungua," akajibu. "Umbali ni uleule."

Watoto wale walirudi nyuma. Walikuwa wa mwisho kumtii. Siku hizi wakwe hunywa soda meza moja na mama wakwe zao wakigongana viwiko, na hakuna anayejua aanzie wapi kumwacha mwenziwe apumue.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 1969, saa kumi alasiri, akiwa na Loisi kando yake. Ameacha mjane Loisi. Watoto watatu, Msafiri wa Gulwe, Lydia na Ruthu. Wajukuu kumi na mmoja. Na shemeji yake Methusela Matonya, aliyeandika wasifu huu na anayeusoma.

Kabla jeneza halijashushwa, Methusela atapima hatua kumi kutoka kaburini na kuchora mstari kwa kisigino. Waombolezaji wote wanaombwa wasimame nyuma yake mpaka Loisi na watoto wamalize kuweka udongo. Methusela naye atasimama nyuma ya mstari, na hatasubiri kuambiwa.

Mungu ampokee Bartolomayo na kumpumzisha kwa amani.