Zakayo Ndegwa Ngugi, Gadi wa Treni za Mizigo

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusindikiza leo Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025, huyu tuliyemleta mbele yenu ni Zakayo Ndegwa Ngugi, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Ngugi na marehemu Mama Nyakio. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, za Ol Kalou, Nyandarua, kwenye chumba kimoja cha mawe kilichokuwa hatua arobaini kutoka kwenye njia ya treni, ambako baba yake alikuwa kibarua wa genge la kutengeneza reli. Mama yake alizoea kuwaambia wageni kwamba mtoto huyu hakuwahi kushtushwa na treni inayopita, bali alilia siku treni ilipochelewa.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Ol Kalou kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, kisha sekondari mjini Nakuru hadi mwisho wa mwaka 1969, akafundishwa kazi ya reli Nairobi, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa kuwa gadi msaidizi katika tawi la reli linalotoka Gilgil kwenda Nyahururu, na mwaka 1975 akawa gadi kamili. Kwa wale ambao hawakuikuta kazi hiyo, gadi ndiye mtu aliyekaa katika behewa la mwisho, mwenye bendera, kipenga na kitabu, aliyeandika kila kilichopakiwa na kila kilichoshushwa, magunia ya pareto, madebe ya maziwa, ngano, viazi, mbao na mbolea, na treni haikuondoka mpaka yeye aridhike. Haikuwa reli kubwa, siku nyingine injini moja ilivuta mabehewa matano, lakini watu wa Ol Joro Orok walipika chai kwa kuisikiliza, na Ndegwa alijua jina la kila mama aliyesubiri mzigo stesheni na anasubiri nini.

Mwezi wa Mei mwaka 1981 mvua ilikata barabara ya Nyahururu, na katika stesheni ya Gilgil akafika muuguzi mmoja kijana kutoka Nyamira, Rael Kemunto, akiwa na sanduku la chanjo lililojaa barafu iliyoanza kuyeyuka. Sheria haikuruhusu abiria katika behewa la gadi. Ndegwa aliitazama ile barafu, akamfungulia mlango, na katika kitabu akaandika, sanduku moja la chanjo pamoja na mwangalizi wake. Walifunga ndoa kanisani Nakuru tarehe 10 Desemba 1983, na miaka yote ya ndoa yao Kemunto alipotaka kumchokoza mbele ya wageni alisema, "Mimi huyu hakunioa, alinipakia."

Mungu aliwajalia watoto wawili. Wa kwanza ni Nyakio, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1985, na kwa kuwa alibeba jina la mama mzazi wa Ndegwa, baba yake hakumwita kwa jina hata siku moja, alimwita Mama, kama ilivyo desturi ya kwetu. Wa pili ni Ngugi, aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1989, ambaye leo anaendesha malori ya masafa marefu kutoka Brampton, hapa Kanada, na baba yake alikuwa akiwaambia watu kwamba malori ndiyo yaliyoiua treni yake na sasa adui amemzaa mwenyewe. Alisema hivyo akicheka, lakini ni kweli malori ndiyo yaliyochukua maziwa, yakachukua ngano, treni ikawa ya mara moja kwa wiki, kisha ya kuitwa, na tarehe 30 Juni 1998 alisaini karatasi za kustaafu mapema, akakabidhi bendera na kipenga. Kitabu chake cha mwisho aliruhusiwa kubaki nacho, kwa sababu hakuna aliyekihitaji.

Kemunto alitangulia Toronto mwaka 2001 kwa kazi ya uuguzi, na marehemu akamfuata na watoto tarehe 23 Agosti 2003, wakapanga nyumba ya vyumba viwili Parkdale, ghorofa ya tisa. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kupakia mizigo katika bohari moja ya Downsview, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne bila kukosa zamu, na mwaka 2012 familia ikahamia Brampton. Wenzake wa bohari wanamkumbuka kwa sababu aliyapanga makasha kwa mpangilio wa kushushwa, si wa kupakiwa, na dereva hakupata shida akifika.

Majira yake ya kwanza ya baridi Parkdale, alisikia honi ya treni ya mizigo, akavaa koti la mkewe kwa haraka, akashuka na kutembea hadi kwenye uzio wa reli, na pale akamkuta mzee mmoja mwenye kamera na daftari aliyemsalimu kwa Kiingereza, akamtazama vizuri, akamsalimu tena kwa Kiswahili. Huyo ni Mzee Husein Ramzanali, ambaye yupo nasi hapa leo, mfamasia mstaafu aliyekulia Nakuru, ambako baba yake aliuza vyuma karibu na stesheni. Urafiki wao ulidumu miaka ishirini na miwili. Kila Jumamosi waliyoipata walipanda gari la Mzee Husein, wakabeba bhajia zake na viazi vya Ndegwa, wakaendesha saa mbili au tatu kwenda kusimama katika miji midogo ambayo zamani ilikuwa na reli zake yenyewe, reli fupi za mkoa zilizobeba nafaka, mbao na chakula cha mifugo, kila moja na rangi yake ya injini, ambazo nyingi zimeng'olewa na leo watu wanapita juu yake kwa baiskeli. Walikutana huko na wazee wenzao, wakabishana nusu saa kama injini fulani mwaka 1974 ilikuwa nyekundu au ya rangi ya kahawia, na Ndegwa, ambaye mwaka huo alikuwa Gilgil, alibishana kama wao. Kemunto alimwambia wazi, "Wenzako wana wanawake wa pembeni, wewe una injini, na hata hiyo haiko hai." Akamfungia mkate.

Watu hao wana taratibu zao, na mbili lazima tuzitaje. Ya kwanza, hakuna anayeandika daftarini treni ambayo hakuiona kwa macho yake. Ya pili, wanaponasa sauti ya treni hakuna anayesema neno, na simu zote huzimwa na kuachwa ndani ya gari, kwa sababu simu huleta mkwaruzo katika kinasa sauti. Mzee Husein ndiye aliyezikusanya, katika kopo la biskuti.

Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2019, reli moja ndogo mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hapa ilikuwa inapitisha treni yake ya mwisho ya mizigo. Kemunto alikuwa hospitalini siku ya sita baada ya kupasuliwa moyo, na alikuwa akiendelea vizuri, anakula, anawasahihisha wauguzi. Ndegwa alikwenda kuiona treni. Saa tisa alasiri hali ya Kemunto ilibadilika ghafla, Nyakio akiwa naye peke yake, kwa kuwa Ngugi alikuwa njiani na lori, na Nyakio alimpigia baba yake simu mara kumi na saba, akasaini karatasi peke yake, akamshika mama yake mkono peke yake, mpaka saa kumi na dakika ishirini. Ndegwa alifika saa moja kasoro. Kinasa sauti alimrudishia Mzee Husein siku ile ile na hakukiulizia tena.

Wengi wenu mlikuwepo tarehe 28 Septemba 2019 tulipomzika Kemunto, na mliyasikia yaliyosemwa pale kaburini, marehemu alipoinama kuchota udongo na Nyakio akamwambia, kwa sauti ya kusikika na watu wote, auache huo udongo, aende akaangalie treni zake. Ndegwa aliuacha. Akarudi nyuma, akasimama mahali wanaposimama wageni. Mwezi uliofuata Nyakio alihamia Edmonton, na kwa miaka sita alizungumza na mdogo wake tu. Familia haimlaumu, na marehemu hakumlaumu. Alimpigia kila Jumapili baada ya ibada, simu ikaita mpaka ikakatika, akairudisha mfukoni na kuuliza kama kuna chai.

Mwezi wa Julai mwaka huu madaktari waligundua ana saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa, akachagua kubaki nyumbani kwa Ngugi. Alipoambiwa kwamba Nyakio amekata tiketi aliomba anyolewe. Nyakio alifika tarehe 1 Novemba, akamwosha, akamlisha uji, wakakaa wiki nzima wakizungumza mambo ya hali ya hewa na ya wajukuu wa majirani, na Jumapili ya tarehe 9, kwa Kiswahili ambacho hakuwa amekitumia tangu mama yake afe, alimwuliza, "Baba, kwa nini ulienda?"

Marehemu alimjibu, "Nilitaka kuiona, Mama."

Nyakio alisubiri neno lingine, halikuja. Akatoka chumbani. Siku tatu zilizofuata alipika na kufua katika nyumba ile ile, lakini mlango ule hakuuvuka, na Jumatano ya tarehe 12 Novemba, saa tano asubuhi, baba yake alipokata roho mikononi mwa Ngugi, yeye alikuwa jikoni akimenya viazi.

Kesho yake Mzee Husein alikuja kutoa pole, akamkuta Nyakio anaosha vikombe, akamwambia jambo alilokuwa ameapishwa na rafiki yake asiliseme. Ijumaa ile ya kabla ya msiba wa Kemunto, yeye na Ndegwa walikwenda kumjulia hali, Ndegwa akasema haendi kuiona treni, na Kemunto akamgeukia Mzee Husein, akasema, "Mchukue mtu wako, ananihesabia pumzi kama mabehewa. Mniletee sauti ya hiyo treni niisikie." Ndegwa alikwenda kwa sababu alitumwa, na simu ilizimwa ili sauti aliyoagizwa iwe safi. Miaka sita Mzee Husein alimsihi amwambie binti yake, na kila mara marehemu alijibu hivi, "Nikisema ni yeye aliyenituma, nitakuwa nimemtwika yeye. Kabeba wagonjwa maisha yake yote, Husein, na hili nalo abebe? Tena si uongo. Nilitaka kuiona."

Hatujui kama neno hilo, lingesemwa mapema, lingebadilisha kitu, maana treni ingekuwa ni ile ile na saa tisa ile ile, na kila mmoja wao alimpenda Kemunto kwa namna ambayo mwingine hakuweza kuiona. Tunajua tu kwamba Nyakio aliposoma karatasi hii jana, mahali hapa palikuwa na mistari miwili ya adabu, akaikata, akaomba yaandikwe yote kama yalivyotokea na yasomwe kwa sauti, kwa kuwa alimkataa baba yake mbele ya watu, na watu hao ndio waliokaa hapa. Ameomba pia kwamba leo udongo wa kwanza aweke Mzee Husein, wa pili Ngugi, na yeye asimame nyuma, wanaposimama wageni, mpaka mdogo wake atakapomwita. Ngugi amesema atamwita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomjia nyumbani kila siku, na wale waliomtunza Kemunto kabla yake, majirani wa Brampton na wa jengo letu la zamani Parkdale mliopika na kukesha nasi, wenzake wa bohari ya Downsview mliobadilishana zamu ili mfike, kanisa, na ninyi wazee wa kamera na madaftari, ambao tunaona mmezizima simu zenu bila kuombwa. Marehemu ameacha watoto wawili na ndugu wanne.

Pumzika sasa, Baba. Hatukuulizi tena.