Kibao cha Mwalimu Dishon Shingoni mwa Mkaguzi

Ijumaa hii, tarehe 13 Desemba 1968, Mwalimu Dishon Owiti anastaafu baada ya kufundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na mmoja. Alianzia Homa Bay, akahamia kwetu hapa Kosele mwaka 1946, na tangu hapo hajawahi kuchelewa kipindi wala kukubali kwamba amekosea.

Wengi wenu mmesoma shule ambako mtoto akiongea Kijaluo huvalishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Mwalimu Dishon aliona huo ni uonevu: watoto wavae, na walimu wabomoe Kiingereza wapendavyo? Akachonga kibao cha walimu. Ukitamka ofisini neno lisilokuwemo katika kamusi yake, ile iliyoliwa jalada na mchwa, unakivaa mpaka mwenzako ateleze. Mimi Jedidah, ninayeandika haya, nimekivaa mara kumi na moja. Siku moja nilisahau nikaenda nacho kanisani, na mchungaji akaniombea.

Mwaka 1964 Mwalimu alitazamia kuwa mwalimu mkuu wa shule moja huko Migori, na kila kitu kilitegemea ripoti ya mkaguzi, Bwana Osoro. Mkaguzi alikuja, akaridhika na madarasa, akaketi nasi kwa chai na viazi vitamu. Katikati ya kiazi cha pili akatangaza kwamba shule zitafunguliwa Januari "irregardless" ya mvua. Alitaka kusema bila kujali mvua, na Kiingereza kina neno fupi zaidi la kusema hivyo, "regardless". Tuliacha kutafuna.

Kibao wakati huo kilikuwa shingoni mwangu. Mwalimu alinivua, akakipangusa kwa leso, akamvisha mkaguzi kwa mikono miwili na heshima zote.

"Mwalimu, hiyo neno iko!" Bwana Osoro aling'aka. "Mimi nimeisoma kwa kitabu!"

Mwalimu akamwambia alete kitabu, naye atamvua papo hapo. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mkaguzi alisema neno linaloeleweka na kila mtu mezani ni neno. Mwalimu alisema hata kikohozi kinaeleweka. Bwana Osoro akaondoka na Landrova yake, kibao kifuani, maana alikuwa mtu wa kufuata sheria. Cheo cha Migori akapewa mwingine.

Mwalimu hakulalamika. Alichonga kibao kipya wiki ileile, akarudi darasani. Wanafunzi wake leo ni makarani na wauguzi, na mmoja wao, Maroa, ni mkalimani wa mahakama anayesemekana kuwasahihisha mahakimu.

Nami nina jambo la kuungama. Neno lile lipo. Nililiona katika kamusi kubwa ya chuo cha ualimu, pamoja na onyo kwamba wengi hawalikubali, lakini lipo. Siku ile nililikumbuka vizuri sana nikanyamaza, kwa sababu kibao kilikuwa kimenitoka na shingo ilikuwa nyepesi. Kwa hiyo Mwalimu aliikosa Migori kwa sababu yangu, nasi tukabaki naye miaka minne zaidi. Nimejaribu kujuta, nimeshindwa. Tungemkosa mno.

Asante, Mwalimu, kwa kila neno. Tunakutakia mtama mwingi, magoti yasiyouma na majirani wanaopenda ubishi. Haya unayasoma leo katika sherehe ya kukuaga, kwa mara ya kwanza, pamoja na wageni wote, na ndiyo maana nimeomba kiti cha karibu na mlango.