Risala ya Timu Iliyochimba Mashimo Mawili

Mgeni rasmi, Baba Askofu wetu, pamoja na wachungaji, wazazi na ndugu mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: Bwana asifiwe.

KARIBU
Sisi, timu ya umisheni ya usharika huu, watu kumi na wawili, tunakukaribisha kwa mikono yenye sugu. Kama ilikukwaruza wakati wa kusalimiana, utuwie radhi. Ndiyo zawadi tuliyorudi nayo.

TULIKOTOKA
Timu ilianza miaka mitatu iliyopita kwa kuunganisha kwaya na vijana. Kwenye karatasi tulikuwa kitu kimoja. Ndani ya basi kwaya walikaa mbele, vijana nyuma, na kila upande ulisali sala yake ya safari.

MAFANIKIO
Mwaka huu tulitumwa kujenga choo cha zahanati. Kimekamilika, kina milango minne na maji ya kunawa, na muuguzi wa pale ametuandikia kutushukuru. Tunajivunia kazi hiyo, hatufichi.

Wala hatutaficha lililotangulia. Siku ya kwanza mwalimu wa kwaya alichagua mahali pa shimo. Mwenyekiti wa vijana naye akachagua pake, ng'ambo ya jengo. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Basi tukachimba mashimo mawili kwa choo kimoja, siku tatu nzima, kila upande ukiimba kwa nguvu ili wenzao wasikie. Wenyeji walikuja kututazama, wakashindwa kuzuia kicheko.

Siku ya nne asubuhi fundi bomba wetu, mwanakwaya mwenye kigugumizi, aliyechimba kuliko sisi sote, alichukua koleo akaanza kulifukia shimo la kwaya. Mwalimu wa kwaya akamwuliza kama amerukwa na akili.

"Mwalimu, la... la wenzetu liko mbali na kisima cha zahanati," alijibu. "Le... letu tulifukie."

Kisha akavuka kwenda kuwaomba vijana msamaha kwa niaba yetu, sisi ambao hatukumtuma. Mwalimu naye akashika koleo. Kufikia adhuhuri tulikuwa wote kwenye shimo moja. Tangu siku hiyo, aliyehubiri asubuhi ndiye aliyeosha masufuria jioni. Tunajua si vizuri kujisifia unyenyekevu, lakini leo mtuvumilie kidogo.

CHANGAMOTO
Kwa safari ijayo kamati ya usharika inayochagua wasafiri imeweka mtihani wa kuhubiri dakika kumi. Fundi alisimama mbele yao, neno la kwanza likamkwama, muda ukaisha. Orodha imetoka na majina kumi na moja. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba huenda Mungu hakumwita. Baba Askofu, jambo hilo limetuuma sana.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika maombi mengi: turubai, masufuria makubwa, mabuti. Tumeyafuta yote. Tunaomba fundi aende.

Na kama nafasi ni kumi na moja tu, anayekusomea risala hii ndiye mwalimu wa kwaya. Ameomba jina lake likatwe, liandikwe la fundi. Tulimkatalia mara mbili. Mara ya tatu tuliona machozi yake, tukamwachia. Orodha iko mezani mbele yako, na kalamu.

Mungu akutie nguvu katika utumishi wako, na akufikishe nyumbani salama.

Ni sisi wanao,
Timu ya Umisheni, kwaya pamoja na vijana.